Ajali haina kinga? Jinsi wanasayansi walivyojaribu kutabiri kifo cha fundi umeme

Hebu tuanzie juu ya nguzo.

Tarehe 11 Oktoba 1889, saa ya chakula cha mchana, fundi wa kampuni ya telegrafu ya Western Union aitwaye John Feeks alikuwa kazini juu ya nguzo katika eneo lenye pilikapilika la Manhattan, New York. Ukitazama picha za mji huo wa miaka ile utashangaa. Juu ya vichwa vya watu kuna utando wa nyaya: za telegrafu, za simu, za taa za barabarani, kila kampuni na zake, zimepandana kama nyavu zilizoanikwa. Feeks alishika waya mmoja kwa mkono mtupu. Nyaya za telegrafu zilibeba umeme mdogo na mafundi walikuwa wamezizoea. Ila waya huu, mitaa mingi kutoka pale, ulikuwa umegusana na waya wa msongo mkubwa, na yeye hakuwa na njia ya kujua. Umeme uliingilia mkono wa kulia ukatokea mguu wa kushoto, kwenye kiatu chenye meno ya chuma ya kupandia nguzo. Alikufa pale pale. Mwili wake ulinasa kwenye nyaya, ukitoa cheche na moshi kwa muda mrefu, huku maelfu ya watu wakitazama kutoka chini.

Sisi tungesema: ajali haina kinga. Methali hii wote tumeisikia misibani, na ina kazi yake pale, inafariji. Lakini ukiitoa msibani ukaipeleka ofisini kwa meneja, inageuka kuwa kitu kingine. Inakuwa kisingizio. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka 130 kumekuwa na watu wanaoipinga kwa namba. Wanasema ajali zinaweza kutabiriwa, na kinachotabirika kinaweza kuzuiwa.

Swali ni: kutabiri nini hasa? Ajali ngapi? Nani ataipata? Au itatokea wapi? Hayo ni maswali matatu tofauti kabisa, na sayansi ilichukua muda mrefu sana kufika kwenye la tatu.

Ngapi?

Miaka miwili baada ya kifo cha Feeks, mwaka 1891, wajumbe 10 walikutana mjini St. Louis, Marekani, kwa niaba ya wanachama 286, wakaunda chama cha mafundi umeme. Chama hicho kipo hadi leo na kinajulikana kwa kifupi kama IBEW. Rais wake wa kwanza alikuwa Henry Miller, fundi wa laini yeye mwenyewe, mtu aliyezunguka miji mingi akiwakusanya wenzake na kuzungumza nao kuhusu mishahara na hatari za kazi. Julai 1896, akiwa kazini juu ya nguzo mjini Washington, aligusa waya wa volti 2,200, akaanguka, akafa. Kama kulikuwa na mtu Marekani nzima aliyejua hatari ya kazi ile, alikuwa yeye. Tafadhali mkumbuke Miller, tutamhitaji mbele kidogo.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1898 mwanatakwimu Ladislaus von Bortkiewicz, mzaliwa wa St. Petersburg, alichapisha kijitabu kuhusu alichokiita sheria ya namba ndogo. Ndani yake kuna mfano uliokuja kuwa maarufu katika madarasa ya takwimu dunia nzima: askari wa Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi. Ndiyo, mateke ya farasi. Hiyo ilikuwa ajali kazini ya zama zile.

Chukua vikosi 10 vinavyofanana, uvifuate kwa miaka 20, kuanzia 1875 hadi 1894. Unapata "miaka ya kikosi" 200. Katika hiyo 200 walikufa askari 122, yaani wastani wa 0.61 kwa kikosi kwa mwaka. Kwenye miaka 109 hakufa mtu. Kwenye 65 alikufa mmoja, kwenye 22 wawili, kwenye 3 watatu, na mara moja tu walikufa wanne katika kikosi kimoja mwaka mmoja. Ungekuwa kamanda wa kikosi hicho cha mwisho bila shaka ungeitwa makao makuu kujieleza.

Bortkiewicz alichukua fomyula ambayo Mfaransa Siméon Denis Poisson alikuwa ameichapisha mwaka 1837. Fomyula hii inahitaji kitu kimoja tu, wastani. Ukiipa 0.61 inakuambia: katika miaka 200 tegemea 108.7 bila kifo, 66.3 yenye kifo kimoja, 20.2 yenye viwili, 4.1 yenye vitatu na 0.6 yenye vinne. Linganisha na zile za kweli hapo juu. Zinakaribiana mno! Hakuna anayejua farasi gani atampiga teke askari gani, lakini vifo vyote kwa pamoja vinafuata mstari kama vile vimepangwa. Na yule kamanda wa vifo vinne? Huenda hakukosea chochote. Bahati nasibu peke yake inatosha kuleta mwaka mbaya kama ule.

Turudi kwenye umeme kwa mfano wa kubuni. Tuseme kuna shirika la kusambaza umeme ambalo mazingira yake ya kazi yanaua mafundi wawili kwa mwaka kwa wastani, na tuseme kwa miaka mingi hakibadiliki kitu: nguzo zile zile, vifaa vile vile, haraka ile ile. Fomyula ya Poisson inasema nini? Uwezekano wa mwaka usio na kifo hata kimoja ni kama asilimia 13.5. Uwezekano wa mwaka wenye vifo vinne au zaidi ni kama asilimia 14. Kwa maneno mengine, takriban mara moja kila miaka saba mkurugenzi atapanda jukwaani kupokea tuzo ya usalama, na takriban mara moja kila miaka saba mkurugenzi mwingine atafukuzwa kazi. Hali kwenye nguzo itakuwa ile ile miaka yote.

Mimi naona hili ndilo somo ambalo taasisi nyingi hazijalipokea mpaka leo. Namba ndogo zinayumba zenyewe. Ukimsifu mtu kwa sababu ya sifuri, huenda unaisifu bahati.

Nani?

Hesabu ya "ngapi" inamfaa mwenye bima. Mwajiri ana swali jingine. Anataka kujua: katika hawa watu wangu, ni nani ataniletea matatizo?

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, viwanda vya silaha vya Uingereza vilijaa wanawake, na kumbukumbu za ajali zao zilitunzwa vizuri. Mwaka 1919 Major Greenwood (Major ni jina lake alilopewa na wazazi, si cheo cha jeshi) na mwenzake Hilda Woods walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo. Mwaka uliofuata Greenwood akaendeleza hesabu pamoja na Udny Yule. Jedwali lao moja lilihusu wanawake 647 waliotengeneza makombora, kwa muda wa wiki tano. Wanawake 447 hawakupata ajali yoyote, 132 walipata moja, 42 mbili, 21 tatu, 3 nne, na 2 walipata tano au zaidi.

Kama ajali zingekuwa bahati nasibu tupu, sawa kwa kila mtu, fomyula ya Poisson ingetupa takriban 406 wasio na ajali, 189 wenye moja, 44 wenye mbili na 7 tu wenye tatu. Lakini hao wenye tatu walikuwa 21! Wasio na ajali walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, na wenye ajali nyingi pia walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Mateke ya farasi yalifuata Poisson, makombora yaligoma.

Greenwood na Yule wakajaribu wazo jingine: vipi kama kila mwanamke ana kiwango chake cha kupata ajali, wengine juu, wengine chini? Wakaiweka dhana hiyo kwenye hesabu, nayo ikatoa 442, 140, 45, 14, 5, 2. Inakaa vizuri zaidi kabisa.

Hapo ndipo hadithi ilipoharibika. Mwaka 1926 watafiti Waingereza Eric Farmer na E. G. Chambers walianza kuandika juu ya tabia ya mtu kuelekea kwenye ajali, na wakati huo huo Karl Marbe kule Ujerumani alikuwa akisema jambo linalofanana. Kwa lugha yetu ya mtaani, wanasayansi walikuwa wamegundua mtu mwenye gundu. Wazo likaenea haraka, kwa sababu ni tamu mno kwa mwenye kiwanda. Kama ajali inatoka ndani ya mtu, basi huna haja ya kununua mashine mpya. Mpe mtu mtihani wa saikolojia, mchuje, mwondoe, ajali zitaisha.

Tatizo la kwanza ni hesabu ya kawaida kabisa, unaweza kuifanya kwa penseli. Rudi kwenye wale wanawake 647. Jumla ya ajali zao ni 301. Waliopata ajali tatu au zaidi ni 26, na kwa pamoja wana ajali 85. Tuseme una uwezo wa kinabii, uliwajua wote 26 kabla ya wiki ya kwanza ukawafukuza. Bado ajali 216 zingetokea, kwa wale wanaoitwa waangalifu.

Tatizo la pili ni la kina zaidi, na walioliweka wazi walitoka Afrika Kusini: A. G. Arbous na J. E. Kerrich, katika makala ndefu ya mwaka 1951. (Kerrich ni yule yule aliyenaswa Denmark wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Akiwa kizuizini huko alirusha sarafu mara 10,000 na kuandika matokeo yote. Upande wa kichwa ulitokea mara 5,067. Mtu wa namna hiyo hadanganywi kirahisi na bahati nasibu.) Walichosema ni kwamba umbo la jedwali la Greenwood haliwezi kukuambia limetokana na nini. Unaweza kulipata kama watu wanatofautiana. Unaweza kulipata vile vile kama ajali moja inaongeza uwezekano wa nyingine, mfano mtu aliyeumia mkono anarudi kazini kabla hajapona. Na unaweza kulipata kama watu wote ni sawa kabisa ila kazi zao ndizo zinazotofautiana.

Hili la mwisho tuliweke kwenye nguzo. Mafundi wawili, uangalifu wao ni sawa. Mmoja amepangiwa kusoma mita maofisini. Mwingine amepangiwa dharura za usiku wakati wa mvua, kwenye nguzo za mbao zilizoliwa na mchwa. Mwisho wa mwaka utafungua daftari utamkuta wa pili ana matukio manne, wa kwanza hana hata moja. Daftari litakuambia wa pili ana gundu. Daftari halijui kuhusu mchwa.

Na ndipo namrudia Henry Miller. Ukitafuta kifo chake ndani ya tabia yake, utakuta nini? Uzembe? Ujinga wa hatari? Mtu aliyejenga chama kizima juu ya hatari hiyo?

Piramidi na ubao wa geti

Wakati Waingereza wakihangaika na mikunjo ya grafu, Mmarekani mmoja wa kampuni ya bima ya Travelers alitoa namba rahisi kukumbuka, na kama kawaida namba rahisi ndizo zilizoshinda. Herbert William Heinrich alichapisha kitabu chake mwaka 1931. Alidai kwamba asilimia 88 ya ajali hutokana na matendo ya hatari ya watu, asilimia 10 na mazingira mabovu, na asilimia 2 hazizuiliki. Tena alidai kwamba kwa kila ajali moja kubwa kuna 29 ndogo na 300 zisizojeruhi mtu. Hilo ndilo piramidi la Heinrich. Ukihudhuria semina yoyote ya usalama kazini, popote pale, kuna uwezekano mzuri utalikuta kwenye slaidi.

Namba hizo zilitoka wapi? Kutoka mafaili ya madai ya bima na kumbukumbu za wenye viwanda. Yaani maelezo ya ajali yaliandikwa zaidi na upande wa mwajiri, kisha yakahesabiwa, kisha ikatangazwa kwamba asilimia 88 ni kosa la mfanyakazi. Waliokuja baadaye kutaka kuyapitia upya mafaili yale hawakuyapata, hayakuhifadhiwa.

Madhara makubwa zaidi yalitokana na jinsi piramidi lilivyosomwa. Watu walilisoma kama utabiri: punguza ajali ndogo za chini, ile kubwa ya juu itapungua yenyewe. Makampuni yakaanza kuhesabu vidole vilivyokatwa na vifundo vilivyoteguka, na ule ubao maarufu ukawekwa getini: siku kadhaa bila ajali.

Tuangalie namba za Marekani, kwa sababu wanazichapisha kila mwaka. Mwaka 2009 sekta binafsi ilikuwa na majeruhi na wagonjwa wa kazini 3.6 kwa kila wafanyakazi 100. Mwaka 2019 walikuwa wameshuka hadi 2.8. Safi. Na vifo? Mwaka 2009 vilikuwa 3.5 kwa kila wafanyakazi 100,000. Mwaka 2019 vilikuwa 3.5. Sehemu ya chini ya piramidi ilipungua, ncha ikabaki pale pale.

Mfano unaouma zaidi ni wa mtambo wa mafuta wa Deepwater Horizon. Tarehe 20 Aprili 2010 wakubwa wa makampuni walikuwa wamefika pale kwenye Ghuba ya Meksiko, na moja ya sababu ni kuupongeza mtambo kwa miaka saba bila ajali ya kumkosesha mtu siku ya kazi. Usiku ule ule mtambo ulilipuka ukaua watu 11. Ubao haukusema uongo. Ulikuwa unahesabu kitu kingine.

Mwanzoni mwa muongo huu Matthew Hallowell wa Chuo Kikuu cha Colorado na wenzake walipitia rekodi zinazojumlisha saa za kazi zaidi ya trilioni 3. Walikuta kwamba kupanda na kushuka kwa kiwango cha ajali ambacho makampuni hujivunia ni bahati nasibu kwa asilimia 96 hadi 98. Uhusiano kati ya kiwango hicho na vifo hawakuuona. Poisson angecheka kidogo kaburini: Bortkiewicz alikuwa ameonyesha jambo hili kwa farasi mwaka 1898.

Na kuna lingine, ambalo halihitaji takwimu. Ukifunga bonasi ya mwezi na ule ubao, watu wataacha kuripoti. Fundi aliyepigwa shoti ndogo asubuhi atakunywa chai na kunyamaza, kwa sababu akisema atawakosesha wenzake hela. Hapo umepoteza ishara pekee uliyokuwa nayo kwamba kuna waya mahali fulani si salama.

Wapi?

Njia ya kutoka kwenye shimo hili, kwa maoni yangu, ilianza kwa mtu ambaye hakuwa mwanatakwimu wala mwanasaikolojia. Charles Dalziel alikuwa profesa wa uhandisi wa umeme huko Berkeley, California. Alijiuliza swali la kifizikia: ni umeme kiasi gani unaomfanya mtu ashindwe kuachia waya alioushika? Kila aliyewahi kunaswa anajua hali hiyo, mkono unakakamaa, unataka kuachia na haukutii. Dalziel aliwapima watu waliojitolea, wanaume 134 na wanawake 28. Wastani ulikuwa karibu miliampea 16 kwa wanaume na 10.5 kwa wanawake. Mwaka 1961 akavumbua kifaa kinachohisi umeme ukivuja na kuukata kabla haujaua, kizazi cha kifaa ambacho leo kinafungwa kwenye bodi za umeme za majumbani.

Sasa fanya hesabu nyingine ndogo. Laini nyingi za usambazaji Tanzania na Kenya ni za volti 11,000 au 33,000. Kwenye laini ya 11,000, kati ya waya mmoja na ardhi kuna volti kama 6,350. Ukichukulia mwili una ukinzani wa omu 1,000, ambao ni makadirio yanayotumika sana, mkondo unaopita ni kama ampea 6.35. Hiyo ni karibu mara 400 ya kile kiwango cha Dalziel. Tofauti kati ya mtu mwangalifu na mzembe, mwenye nguvu na dhaifu, mwenye bahati na mwenye gundu, inayeyuka mbele ya mara 400.

Ndiyo maana kundi la Hallowell, likifanya kazi na makampuni ya umeme ya Marekani chini ya mwavuli wao wa Edison Electric Institute, liliacha kuuliza habari za mtu likaanza kuuliza habari za nishati. Walikuta kwamba jeraha linalotokana na nishati inayozidi takriban jouli 2,000 huelekea kuwa baya sana au kuua. Mtu wa kilo 80 aliye mita 8 juu ya ardhi ana jouli zaidi ya 6,200 zinazomsubiri. Volti 50 na zaidi zinahesabiwa moja kwa moja kuwa nishati kubwa. Kwa hiyo msimamizi akifika eneo la kazi hahesabu vifundo vilivyoteguka. Anaorodhesha nishati kubwa zilizopo pale leo, kisha anauliza: kila moja ina kinga ya kweli, inayofanya kazi hata fundi akikosea? Asilimia ya zenye kinga ndiyo kipimo. Na kipimo hicho unakipata asubuhi, kabla mtu hajapanda. Huhitaji kusubiri msiba ili uwe na data.

Kinga ya kweli kwenye laini iliyozimwa inajulikana kwa kila fundi aliyefundishwa: zima, funga swichi kwa kufuli, pima, kisha unganisha nyaya na ardhi pande zote mbili za unapofanyia kazi. Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa kuwa laini "si tumeshazima?"

Na hapa ndipo Feeks anapotokea kwenye mitaa yetu. Umeme umekatika mtaa mzima, mafundi wamezima laini wanatengeneza. Mwenye duka la nyama anawasha jenereta. Jenereta hiyo aliifungiwa na kishoka, bila swichi ya kuchagua kati ya umeme wa jenereta na ule wa shirika. Umeme wa volti 230 unatoka dukani, unarudi kwenye nguzo, unafika kwenye transfoma. Transfoma haijui wewe ni nani. Inapokea 230 upande mmoja, inatoa 11,000 upande wa pili. Waya ambao fundi anaamini umekufa unafufuka mkononi mwake, kwa kitu kilichotokea mitaa mitatu kutoka pale. Ni kifo cha 1889 kwa vifaa vya kisasa.

Ajali hiyo inatabirika? Nani, hapana. Siku gani, hapana. Lakini hesabu jenereta za mtaa zisizo na swichi ya kubadilishia, hesabu timu zinazotoka na waya za kuunganisha ardhi na zinazotoka bila, na utakuwa na utabiri mzuri kuliko piramidi lolote. Kitu kama hicho kinaweza kufanywa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu kwa daftari na wiki mbili za kutembea.

Siku hizi kuna hamasa kubwa ya kuikabidhi kompyuta kazi ya kutabiri: unailisha mafaili ya ajali ya miaka iliyopita, inajifunza, inakupa orodha ya hatari. Sipingi. Ila kompyuta inasoma kilichoandikwa. Kama kwenye kila faili mahali pa "chanzo" msimamizi aliandika "uzembe wa marehemu", mashine itajifunza uzembe wa marehemu, kwa kasi kubwa na kwa grafu za rangi. Na yule kishoka aliyekufa juu ya nguzo usiku hayumo kwenye mafaili kabisa, maana hakuwa mwajiriwa wa mtu.

Kuhusu New York: baada ya kifo cha Feeks, kisanduku cha mchango kwa ajili ya mjane wake kilipigiliwa kwenye nguzo ile ile. Meya Hugh Grant aliamuru nyaya za hatari zishushwe. Makampuni ya umeme yalikwenda mahakamani yakapata zuio. Desemba 1889 zuio likaondolewa, na vijana wa jiji wakaingia mitaani na mashoka, wakaanza kukata nguzo.